Nuan Mtoa Mishipa

Mvua ikitaka kunyesha, watu wa Khlong Wai hawakuwa na haja ya kutazama juu. Walimtazama Prom. Wakimwona amekaa barazani na shuka begani ilhali jua linawaka, vidole vya miguu kavikunja, kikombe cha kahawa kakikumbatia kifuani, basi wanawake walianua nguo, na wagema mpira walikimbilia shambani kuwahi vikombe vyao kabla maji hayajaingia kwenye utomvu. Haikuchukua muda wingu lilichomoza nyuma ya kilima. Kwingine dalili ya mvua ni mawingu. Khlong Wai dalili ya mvua ilikuwa mume wa Nuan.

Ndivyo walivyo watafunaji wa majani ya mti wa thom. Jani likishamkaa mtu mwilini, baridi humjua kabla ya wenzake, na maji ya kuoga huyakimbia kama paka. Vijana walimtania Prom kila siku, wakamwambia aende mjini akaajiriwe kutabiri hali ya hewa, naye alicheka nao, maana alikuwa mtu wa watu, mwepesi wa ulimi na wa mikono, jogoo hajawika yeye yuko kwenye mipira na kisu chake. Asiyecheka alikuwa Nuan. Kila alipomwona mumewe akitetemeka moyo ulimlipuka kidogo, kwa sababu aliwahi kumwona mtu huyo huyo akitetemeka kwa namna nyingine, na alijua baridi ile ikikosa jani itakwenda kutafuta nini.

Kitu chenyewe kilikuwa bondeni, kwenye njia ya mgodi wa bati. Nyumba ya afyuni. Wala usidhani ilikuwa nyumba ya kujificha, hata kidogo. Ilikuwa na kibao cha serikali mlangoni, kodi imelipwa, taa imening'inizwa peupe kama ya duka la chumvi. Prom katika ujana wake alichimba bati kule, amesimama kwenye maji hadi kiunoni siku nenda siku rudi, mpaka magoti yakawa ya mzee kabla kichwa hakijaota mvi hata moja. Wenzake wakamwonyesha dawa ya magoti. Mwanzo ilikuwa siku ya mshahara tu, halafu ikawa kila jioni, halafu mgodini hakwenda tena, akabaki pale pale kwenye mikeka. Nuan alimfuata mwenyewe. Alimkuta amelala ubavu, mbavu zinahesabika, kichwa kakilaza juu ya mto wa mbao uliokwisha kuchimbika mahali pa sikio lake.

Mwenye nyumba, jina lake Tek, hakumzuia. Alikuwa mtu mpole, mwenye upara na vidole safi, hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Alisaidia hata kumwinua Prom na kumvalisha kandambili. Kisha akaupangusa ule mto kwa kitambaa, akaurudisha rafuni, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya mgeni.

"Mchukue, dada," alisema. "Mto wake nitamwekea."

Nuan aliondoka na maneno hayo. Afadhali angetukanwa. Mtu akikutukana unajua amekasirika na hasira itapoa, lakini huyu hakuwa na haraka yoyote.

Nyuma ya nyumba yao ulisimama mti wa thom alioupanda baba yake Nuan, mrefu kuliko minazi ya jirani, wenye majani mapana yanayong'aa, mishipa yake myekundu. Kusini kule kwao mti huo hauna ajabu. Mgeni akija anatiliwa kahawa na kusogezewa majani, na mama mwenye binti wa kuoza akisikia mchumba anatafuna thom anafurahi, kwa sababu mtafunaji hachoki shambani na jua halimshindi. Lakini baba yake Nuan alilijua jani kwa kazi nyingine pia. Aliyeshikwa na afyuni, akitaka kuachiwa, mpe thom. Afyuni ikianza kudai chake, pua zinachuruzika, mifupa inauma kana kwamba inasagwa, tumbo linakatika, mtu analia kama mtoto, hapo ndipo unamtafunisha jani kwa chembe ya chumvi na kahawa ya moto. Maumivu hayaondoki. Yanakaa kando kidogo, mtu apate kulala. Kesho tena, na kesho kutwa tena, mpaka siku anaamka anaomba wali.

Nuan alimpitisha Prom njia hiyo mwanzo hadi mwisho, akimshika, akimfuta matapishi, akitukanwa matusi ambayo hata wavua kaa hawayajui. Na jani halikumponya, tuseme ukweli. Lilimshika mkono, halafu halikuuachia. Prom alimwacha bwana mkubwa, afyuni, akamshika bwana mdogo. Lakini bwana huyu mdogo alimruhusu kufanya kazi, kula, kulala na mkewe na kutaniana na vijana, na nani kati yetu hana bwana wake? Habari zikasambaa. Watu wa mgodini wakaanza kuletwa na mama zao na wake zao, na Nuan akawasaidia wengi, wengine wakapona kabisa, wengine wakarudi kwa Tek wiki hiyo hiyo. Wakimwita mganga alikuwa anakasirika. Alisema yeye ni mtoa mishipa, basi.

Na kweli hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Jani la thom halitafunwi hivi hivi. Unalikunja mgongo nje, unashika kikonyo, unavuta chini kwa kucha ya dole gumba, mshipa wa katikati unatoka mzima na vijishipa vyake, unautupa. Nyama ya jani ndiyo unayotafuna, unameza maji yake, na makapi unayatema kwenye kopo. Mshipa haumezwi. Makapi hayamezwi. Baba yake alimfundisha hilo kabla hajamfundisha kupika, na siku moja akampeleka kwa jirani aliyekuwa mvivu wa kutema, akamwambia aweke mkono. Nuan alikuwa binti mdogo. Chini ya ngozi ya tumbo la yule mtu kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kinasukumika huku na huku kama dafu ndani ya gunia. Wenyewe hukiita mfuko wa thom. Nyuzi za majani zinasukana humo ndani siku hadi siku mpaka zinaziba njia, na zikishaziba hakuna wa kuzizibua. Jirani yule alizikwa kabla ya mavuno.

Ndiyo maana Nuan alikuwa mkali kuliko mtawa. Ukimeza makapi mbele yake alikuwa anakupiga kofi la mgongo uyateme, hata uwe mkubwa wa nani. Kucha yake ya dole gumba ilikuwa nyeusi mwaka mzima.

Basi siku moja mzee Kliang, mkuu wa kijiji, akapanda barazani kwao, akavua kofia, akakataa kahawa. Kliang kukataa kahawa! Prom aliyekuwa anacheka akaketi wima. Mzee akaeleza kwamba imekuja amri kutoka juu, miti yote ya thom ikatwe, kupanda ni kosa, kuuza ni kosa. Watu wa wilaya watakuja kusimamia. Sababu hakuijua. Sokoni walisema wenyewe kwa midomo yao kwamba serikali inauza afyuni yenye kodi, na watu wanatafuna majani ya bure nyuma ya nyumba, sasa hazina itakula nini? Mimi sikuwako walipoiandika hiyo amri, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba kibao cha Tek hakuna aliyekigusa.

"Na mume wangu?" Nuan aliuliza.

Kliang akatazama kofia yake. Naye alikuwa mtafunaji, alikuwa na miti yake miwili ya kukata kwa mkono wake mwenyewe. "Chuma unachoweza kuchuma, mwanangu," alisema. "Nitawaanzishia upande wa mtoni, wafike kwako mwisho."

Nuan akachuma. Alipanda, akashuka, akajaza vikapu, magunia, vyandarua, mpaka mti ukabaki na majani yake machanga tu ya juu kama mtu aliyenyolewa. Usiku na mchana alitoa mishipa, na Iad, dada yake Prom, akaja kumsaidia huku analalamika. Iad alikuwa mwanamke mwenye maneno. Alisema kaka yake ameoa kisu cha jikoni, maana mke gani huyu hana hadithi isipokuwa mishipa, mishipa. Lakini mikono yake ilikuwa mizito, na majani yalikuwa mengi mno kwa mikono minne, na mengine yakaanza kunyauka. Ikabidi yaliyosalia yaanikwe pamoja na mishipa yake. Nuan alijiambia atayashughulikia baadaye. Jua nalo likagoma, Prom akaanza kukunja vidole vya miguu, na ikabidi wayakaushie juu ya moshi wa jikoni.

Wakata miti walipofika, Nuan aliwasha udi kwenye shina, akauomba mti radhi, akasogea. Mzee Kliang alisimamia shoka shavu lake limejaa majani, na bwana wa wilaya alijifanya hajaona. Mti ulianguka kuelekea jikoni ukavunja banda la kuku. Prom hakutoka ndani. Alikaa na mgongo wake ukutani, shuka hadi masikioni, na kila shoka lilipopiga alifumba macho.

Sasa shida ya Nuan ilikuwa moja tu, na kila mtu kijijini aliijua. Magunia yakiisha, Prom atarudi bondeni. Alijaribu kumpunguzia kidogo kidogo. Siku za kwanza alivumilia, kisha pua zikaanza kuchuruzika, akaanza kuamka na jasho, akaanza kumkasirikia kuku. Siku moja alikutwa amesimama kwenye njia panda ya mgodini, kisu cha kugemea mkononi, hajui amefikaje. Nuan alimfuata hadi pale. Alimshika mkono kama mtoto, akamrudisha, akampa kiasi chake cha zamani.

Juma hilo hilo alikutana na Tek sokoni. Tek alikuwa ananunua samaki wakavu. Alimwamkia kwa heshima, akamuuliza habari za nyumbani, akasema amesikia habari za mti, pole sana, mti mzuri ule. Akaongeza, wala si kwa kejeli, "Mto wake bado upo. Mwambie namsalimu."

Nuan hakumwambia Prom. Alikwenda moja kwa moja ng'ambo ya kijito, ndani ya msitu nyuma ya shamba la mpira, mahali alipokuwa ameficha miche ya thom chini ya migomba pori. Ilikuwa imeshika. Ilikuwa na afya. Lakini ilimfika gotini tu, na majani yake hayakutosha hata kwa kikombe kimoja. Ilihitaji masika mengine apate cha kuchuma. Alisimama pale akapiga hesabu ya magunia kwa kichwa, na hesabu ilikataa. Haikutosha. Kwa kutafuna na kutema, haikutosha kabisa.

Kwa kutafuna na kutema. Hapo ndipo wazo lilipomwingia, na lilimwingia kimya kimya kama nyoka anavyoingia kwenye banda. Ile nusu ya nguvu ya jani inayobaki kwenye makapi, Prom alikuwa anaitema kwenye kopo kila siku na kuku wanaparua. Jani lingemezwa lote, kidogo kingefika mbali. Alijiambia ni mpaka miche ikue tu. Alijiambia atalitwanga laini, na kitu laini hakiwezi kufuma mfuko. Yule jirani alikuwa mlafi, alimeza majani mazima miaka na miaka. Huyu atameza unga. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili.

Yale majani makavu ya moshi hayakutolewa mishipa yake tena. Jani bichi linatoa mshipa mzima, lakini kavu likiguswa linavunjika, mshipa unavunjika nalo, vyote vinakuwa takataka moja. Nuan aliyatwanga kwenye kinu, akayachekecha kwa kitambaa, akatazama unga wa kijani kibichi uliochujika ukawa laini kama poda. Akauchanganya na sukari ya mnazi, akafinyanga vidonge, akampa mumewe na kahawa ya moto.

"Leo hutemi," alimwambia. "Meza tu."

Prom alikiangalia kidonge, akamwangalia yeye. Alikuwa na mzaha midomoni, alitaka kumuuliza kama baba yake kafufuka kabadilisha sheria. Lakini aliuona uso wa mkewe, akameza.

Na vikafanya kazi, hilo ndilo baya lake. Pua zilikauka. Alilala. Alirudi kwenye mipira, akawa anatania vijana, na Iad akasema sasa angalau hakuna kopo la mate mlangoni. Gunia lililokuwa liishe likabaki linatazamika. Nuan alipita msituni kuangalia miche, akarudi anaimba. Ukiwa unaogopa mlango wa mbele hutazami wa nyuma.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikaanza. Prom alipungua kula. Alisema ni baridi. Akawa anakwenda chooni anakaa, anarudi anakwepa macho. Alisema ni uzee. Akaanza kulalia upande mmoja tu, na Nuan akimgeukia anamshika mkono kabla haujafika tumboni, anaushikilia juu ya kifua kana kwamba ni mahaba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Prom alificha, si kwa ujinga bali kwa huruma. Alikuwa ameshaligusa mwenyewe lile bonge tumboni. Alilijua tangu lilipokuwa kama limau. Aliogopa mkewe akijua atavitupa vidonge, na vidonge vikitupwa alijua miguu yake itakwenda wapi bila kumuuliza.

Nuan aligundua asubuhi moja ya mvua. Prom alikuwa ametapika, na kilichotoka kilikuwa na harufu isiyofaa kutoka mdomoni mwa mtu. Alimlaza chali kumfuta. Shati likapanda. Mkono wake ukapita juu ya tumbo, ukasimama. Ulikuwa mkono wa mwanamke mzima, lakini palepale ulirudi kuwa wa binti mdogo nyumbani kwa jirani. Kigumu, cha mviringo, kinasukumika. Alikaa chini kwenye sakafu ya mbao, mkono bado uko pale. Kilichomtoka ni jina la baba yake.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Usiniulize hilo, Nuan," Prom alisema. "Tulikuwa tunaishi vizuri."

Walifanya yote yanayofanywa. Mafuta ya nyonyo, kikombe juu ya kikombe, hayakuleta kitu ila maumivu. Mzee wa dawa wa kijiji jirani alikuja kwa boti yake, akabonyeza, akanawa mikono, akasema hapa panataka kupasuliwa, na mpasuaji yuko mji mkuu wa mkoa. Mzee Kliang akakusanya vijana, wale wale wataniaji, wakambeba Prom kwenye chandarua kilichofungwa kwenye mti wa kubebea, kama machela, hadi stesheni. Reli ilikuwa chini ya maji. Mkuu wa stesheni aliwaonyesha kwa kidole, mataruma yamefunikwa, bata wa mtu wanaogelea juu yake, na treni hakuna anayejua itapita lini. Wakasubiri siku nzima. Wakarudi. Njia nzima hakuna kijana aliyefanya mzaha, na Prom alitetemeka hadi chandarua kikatetemeka naye.

Baada ya hapo tumbo lilijaa likawa ngoma. Maumivu yalimjia kwa mawimbi, na kila yalipomjia alilia sauti ambayo majirani walifunga madirisha wasiisikie. Vidonge havikuweza kushuka tena. Kwa hiyo likaja na teso la pili, lile la kukosa jani, walilolikimbia miaka yote. Pua zikachuruzika, mifupa ikaanza kusagwa, jasho, miguu inarusha mateke. Mtu mmoja, mateso mawili, na hakuna jani.

Iad alikaa miguuni pa kaka yake, anamsugua. Kisha akasema kile kilichokuwa kimemkaa moyoni tangu stesheni. "Wewe uliyekuwa unawapiga watu makofi wateme. Mumeo ukamwambia ameze."

"Ndiyo," Nuan alisema. "Mimi."

Iad alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akaendelea kusugua miguu, na machozi yakamtoka.

Nuan akasimama, akachukua mwavuli. Prom alimwona. Maumivu yote yale, lakini alimwona na akajua. "Usinipeleke kwa Tek," alisema. "Nuan. Nisirudi kule."

"Sikupeleki," alisema. "Mimi nitakuletea hapa."

Njia ya bondeni ilikuwa matope hadi kwenye vifundo. Kibao cha serikali kilikuwa kinachuruzika maji, na taa ilikuwa inawaka mchana kwa sababu ya giza la mvua. Ndani palikuwa pakavu, pana joto, pananukia tamu, na wanaume wamelala ubavu kama alivyowaacha, isipokuwa sura zilikuwa nyingine. Tek aliinuka kumpokea. Alimwona peke yake, akatazama nyuma yake mlangoni, kisha akafikia rafuni pasipo kuuliza, akashusha mto wa mbao. Haukuwa na vumbi. Ile sehemu ya sikio ilikuwa bado imechimbika.

"Nilijua atarudi," alisema.

"Hajarudi yeye," Nuan alisema. "Nimekuja mimi. Anakufa, na anaumwa. Nionyeshe inavyotengenezwa."

Tek alisita, maana kibali chake hakikumruhusu kutoa kitu nje, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana kama uso wa mtu aliyeguswa. Kisha alikaa chini na kumfundisha. Unachukua kidogo kwa ncha ya sindano, unakishikilia juu ya taa kichemke kisiungue, unakizungusha, unakivuta, unakizungusha tena mpaka kiwe kitonge, unakiweka kwenye tundu la kiko. Wengine huchukua muda mrefu kujua. Nuan aliharibu cha kwanza tu. Cha pili kilitoka laini, sawasawa, hakina bonge. Kucha yake nyeusi ilizunguka juu ya ule mwali mdogo, na wanaume wawili watatu kwenye mikeka wakainua vichwa kutazama.

"Una mkono mzuri, dada," Tek alisema.

Alifunga vyote kwenye kitambaa cha mafuta, taa, kiko, sindano na ile dawa. Ule mto nao akaubeba kwapani. Hakujua kwa nini. Labda hakutaka ubaki pale ukingoja.

Nyumbani Iad aliona mto, akafahamu, akatoka barazani. Nuan alimgeuza Prom ubavu, akamwekea kichwa, sikio likaingia mahali pake lenyewe. Akachemsha, akazungusha, akamshikia kiko. Prom alitazama mikono ya mkewe muda mrefu kabla hajafungua mdomo. Alivuta. Alivuta cha pili. Cha tatu kilipokwisha miguu iliacha kurusha mateke, na uso ukakunjuka kidogo kidogo, paji, macho, midomo, mpaka akafanana na yule kijana aliyekuja kumchumbia huku akijisifu kwamba anajua kuchimba bati.

Nje mvua ilikuwa inamwagika. Prom aliisikiliza. Shuka ilikuwa imemwanguka begani na hakuivuta.

"Fungua dirisha," alisema.

"Kuna mvua, mume wangu."

"Naijua. Fungua niione. Sijapata kuitazama vizuri miaka mingapi sijui."

Nuan akafungua. Palikuwa na kisiki, na banda la kuku lililovunjika, na nyuma yake mbingu kubwa tupu ambapo mti ulikuwa unaziba. Maji yaliruka hadi ndani, yakampiga Prom usoni na kifuani. Hakukunja vidole vya miguu. Upepo ulitaka kulibamiza dirisha, kwa hiyo Nuan alilishikilia kwa mkono mmoja, na mwingine akauweka juu ya tumbo lake, pale pale pagumu, na akabaki amesimama hivyo mpaka Iad alipoingia kumwambia aachie, kwamba kaka yake haangalii tena.